Shajara ya mradi: kuziba tumbo la boti ya faiba lililotobolewa na mwamba, Nungwi, Unguja

Boti ni ya faiba, wazi, futi 23, mashine ya nje ya farasi 40. Mwili wake ni faiba tupu, hauna plaiwudi wala povu katikati ya matabaka. Ndani ina mihimili miwili ya urefu, kutoka omo (mbele) hadi karibu na tezi (nyuma), iliyojengwa kwa mbao na kufunikwa faiba. Ilipanda mwamba maji yakipwa, ikalala juu yake kama saa mbili wimbi likiipigapiga. Tundu liko upande wa kulia, sentimita 30 kutoka kwenye mkuku (uti wa chini wa boti), na mhimili wa upande huo umepita karibu kabisa na ukingo wake.

Siku ya 1

Imepandishwa saa 10 alasiri kwenye kilele cha bamvua (maji makubwa) la mwezi mwandamo, juu ya magogo ya minazi, hadi mita chache juu ya mstari wa mwani. Bamvua hurudi kila baada ya siku 14 au 15, na maji mafu, yale madogo ya katikati, hayafiki karibu na hapa. Kwa hiyo nafasi za kuishusha ni mbili: siku ya 16 au siku ya 30. Ubaoni imeandikwa 16.

Mashine, betri na tangi la mafuta vimetolewa kwanza. Mbao za sakafu zimefunguliwa, ngama (chini kabisa ndani ya boti) imefuliwa maji na kukaushwa kwa sponji. Kisha boti imelazwa ubavu wa kushoto juu ya matairi makuukuu, watu kumi na wawili, ili tundu litazame juu. Hatua hii haifai kurukwa. Ukifanya kazi chini ya boti huku ukitazama juu, resini (gundi ya majimaji inayogandishwa) inakudondokea usoni, mati (mkeka wa nyuzi za kioo) inashuka kwa uzito wake, na mapovu ya hewa huyaoni mpaka yameshagandia ndani.

Mara tu ilipolala, sehemu yote imeoshwa kwa maji baridi ya bomba, ndoo sita. Chumvi iliyobaki ndani ya nyuzi huvuta unyevu wa hewani kila usiku, na boti yenye chumvi haikauki hata ikikaa juani mwezi mzima.

Siku ya 2

Kupima madhara. Jicho linaona tundu la sentimita 34 kwa 15, na nyufa za jelkoti, ile ngozi ngumu ya nje yenye rangi, zilizotawanyika kama utando wa buibui. Madhara yenyewe ni makubwa kuliko hapo, kwa sababu mwamba ulipobonyeza, matabaka yalitengana ndani bila kuacha alama nje.

Njia ya kuyapata ni kugonga. Tumetumia mpini wa bisibisi, kila baada ya sentimita mbili, kuanzia mahali pazima kuelekea kwenye tundu. Faiba nzima hutoa mlio mkali na mfupi. Iliyobanduka hutoa mlio mzito, kama kugonga kadibodi. Kila mlio ulipobadilika pamewekwa alama ya kalamu ya wino, na alama zilipounganishwa zimetoa umbo la yai, sentimita 46 kwa 22. Ndipo tutakapokata.

Katika kugonga kumejitokeza jambo la pili. Upande wa nyuma wa tundu kuna kiraka cha zamani, upana wa kiganja, na mwamba umekichomoa kikatoka kizima kama ganda. Chini yake kulikuwa na puti ya magari, na chini ya puti kuna rangi. Rangi! Aliyetengeneza hakusugua hadi kwenye faiba. Puti ya magari imejaa unga wa talki, na talki hufyonza maji. Ikiwa juu ya mbonyeo wa bodi ya gari hakuna tatizo, lakini chini ya mstari wa maji hugeuka sponji. Rangi nayo haishikwi na resini kwa nguvu ya kuhimili wimbi. Kiraka kile kilishikiliwa na ngozi ya jelkoti tu tangu siku kilipowekwa.

Siku ya 3

Kukata. Jigsoo yenye meno ya chuma, kufuata mstari wa yai, na pembe zote za mviringo. Pembe kali hukusanya mkazo na ufa mpya huanzia hapo. Kabla ya kukata, mbao mbili zimebanwa ndani kuvuka sehemu hiyo ili umbo la tumbo lisibadilike kipande kikitoka. Baada ya kukata tumelaza ufito wa mbao wa mita moja na nusu juu ya tundu, kutoka pazima hadi pazima, tukaupinda ufuate mkunjo wa boti. Upande mmoja ulikuwa umezama milimita 4. Kabari moja chini ya ubao wa ndani imeurudisha.

Unene wa mwili ukingoni ni milimita 7 pamoja na jelkoti.

Kipande kilichokatwa kisitupwe, maana kina siri ya jinsi boti ilivyojengwa. Tumekata mraba wa sentimita 5 kutoka pembeni pasipobanduka, tukauchoma kwa moto wa gesi nje kwenye upepo, mbali na watu. Resini inawaka moshi mweusi mzito, halafu moto unakufa wenyewe. Kinachobaki ni vitambaa vyeupe vya nyuzi za kioo, vyepesi, vimelala kimoja juu ya kingine kama kurasa. Ukivifungua kwa ncha ya kisu unahesabu: mati, rovingi, mati, rovingi, mati, rovingi, mati. Mati nne na rovingi tatu. Mati ni zile nyuzi fupi zilizotupwa ovyo, rovingi ni kitambaa kilichosukwa. Vikipimwa kwenye mizani vimetoa uzito wa mati ya gramu 450 kwa mita ya mraba na rovingi ya gramu 600. Tabaka moja la mati hiyo likilowa hutoa karibu milimita 1, la rovingi karibu 0.8. Jumla 6.4, na jelkoti 0.6. Hesabu imefunga na unene uliopimwa.

Kiraka kitafuata mpangilio huohuo. Kuna mafundi wanaojaza mati tupu kwa sababu ni rahisi kulowesha. Mati tupu ni nene lakini dhaifu kwa mvuto. Nguvu iko kwenye rovingi, na mati kazi yake ni kushikanisha rovingi moja na nyingine.

Siku ya 4

Hanamu, yaani kuulaza ukingo wa tundu uwe mteremko. Hii ndiyo kazi yenyewe, na muda mwingi wa mradi umelipwa hapa.

Kiraka kipya hakichanganyiki na faiba ya zamani. Resini ya zamani imeshaiva, haina tena mahali pa kuungana kikemia, hivyo kiraka kinaishikilia kwa gundi na mikwaruzo tu. Ndiyo maana eneo la kushikana lazima liwe pana. Kipimo tunachotumia chini ya mstari wa maji ni 12 kwa 1: unene wa milimita 7 unataka mteremko wa milimita 84 kuzunguka tundu lote. Tundu la 46 kwa 22 linakuwa bakuli la 63 kwa 39 kwa juu.

Grenda yenye diski ya msasa namba 40, mkono mwepesi, kutoka ukingo wa nje kuelekea tundu. Ukienda sawa, matabaka yanajitokeza moja baada ya jingine kama pete za kitunguu: pete ya mati ya rangi ya maziwa, pete ya rovingi yenye mistari ya msuko, tena mati. Pete hizi ndizo kipimo chako. Zikiwa na upana sawa, mteremko ni sawa. Pete ikibanwa upande mmoja, hapo umechimba wima mno, rudi ulegeze. Mahali pawili pete ya tatu ilionekana nyeupe kama chaki badala ya kuangaza. Hiyo ni faiba iliyobanduka ambayo kugonga hakukuikamata. Tumeichimba yote, na upande wa omo hanamu imesogea sentimita 2 zaidi.

Vumbi la faiba ni hatari kwa mapafu na huwasha ngozi siku mbili. Barakoa yenye kichujio cha vumbi, miwani iliyofunga pande zote, mikono mirefu iliyofungwa tepu kwenye glavu. Simama upepo ukiwa mgongoni, na angalia nani yuko upande unakoelekea. Jirani zetu hapa ufukweni wanaunda mashua za mbao na wanapika palepale, kwa hiyo grenda imewashwa baada ya wao kumaliza kula, na gunia lililoloweshwa limetundikwa kama pazia. Ukimaliza, oga maji ya baridi. Maji ya moto hufungua vinyweleo na vipande vya kioo vinaingia ndani zaidi.

Hanamu ilipokamilika imeoshwa tena kwa maji baridi na brashi laini, mara tatu, na kuachwa wazi.

Siku ya 5 hadi 12

Kukausha. Turubai imefungwa juu kama paa, pande ziko wazi, kaskazi inapita. Kipima unyevu cha hewa kinasoma asilimia 86 hadi 90 saa 1 asubuhi, kinashuka hadi 66 au 68 kati ya saa 5 na saa 9 mchana, halafu kinapanda. Usiku tunafunika kwa nailoni kuzuia umande na asubuhi saa 3 tunafunua. Ukisahau kufunua, nailoni inafungia unyevu ndani na umepoteza siku nzima.

Katika siku hizi mhimili umekaguliwa. Tundu la milimita 6 limetobolewa pembeni mwake, chini kabisa, karibu na palipopigwa na mwamba. Unga uliotoka na ncha ya dreli ulikuwa mweusi, umelowa, unanuka uozo. Kila baada ya sentimita 15 tundu jingine, hadi unga ulipotoka mkavu wa rangi ya mbao: sentimita 60. Mbao hiyo haikuoza kwa ajali hii. Maji yalikuwa yakiingia muda mrefu kupitia skrubu za sakafu zilizopigiliwa juu ya mhimili bila kuzibwa kwa chochote.

Siku ya 13

Jaribio la nailoni. Kipande cha nailoni angavu cha sentimita 30 kwa 30 kimebandikwa kwa tepu pande zote nne juu ya hanamu, na kingine juu ya faiba nzima mbali na tundu, kwa kulinganisha. Vimekaa saa 24.

Siku ya 14

Nailoni ya mbali ni kavu. Ya hanamuni ina ukungu na matone madogo upande wa tezi, palepale palipokuwa na kiraka cha puti. Jaribio limeshindwa.

Hapa ndipo boti nyingi huharibiwa. Bamvua liko siku mbili mbele, mwenye boti ana wageni wa kuwapeleka, na kwa macho kila kitu kinaonekana kikavu. Resini ya polyesta ikiwekwa juu ya unyevu inaganda vizuri kwa juu, inang'aa, inapita kila mtihani wa macho. Chini yake tabaka la mguso halijashika. Inatoka baada ya miezi, tena ikiwa baharini. Tumefuta 16 ubaoni na kuandika 30. Sehemu yenye ukungu imeoshwa kwa maji ya moto kuyeyusha chumvi iliyobaki, ikafutwa, na kuanzia saa 4 hadi saa 9 kila siku inapata jua moja kwa moja.

Siku ya 18

Jaribio jipya, nailoni zote mbili kavu. Vifaa vimepangwa.

Hesabu ya resini: wastani wa eneo la kila tabaka ni mita za mraba 0.17. Mati nne zina uzito wa gramu 306, na mati hunywa resini mara 2.2 ya uzito wake, sawa na gramu 675. Rovingi tatu nazo ni gramu 306, hunywa mara 1.1, sawa na 335. Kilo moja, pamoja na ya kupaka chini na itakayobaki kwenye brashi, tuseme 1.3. Ndani ya boti kilo nyingine 1, mhimili 1. Tumenunua kilo 5 za resini ya isofthaliki, ile mafundi wanayoiita iso, isiyo na nta. Iso inastahimili maji kuliko resini ya kawaida na tofauti ya bei kwa kilo tano haiumizi. Epoksi inashika kwa nguvu zaidi, lakini gundi inayoshikilia nyuzi za mati ya kawaida huyeyushwa na staireni, kiyeyushi kilichomo ndani ya resini ya polyesta, na epoksi haina staireni, kwa hiyo mati inabaki ngumu na kavu ndani yake. Pia jelkoti haiivi vizuri juu ya epoksi. Anayetaka epoksi atumie vitambaa vyake na amalize kwa rangi.

Siku ya 19

Saa 4 asubuhi, joto 31, unyevu 70. Hanamu imesuguliwa upya kwa msasa namba 40, dakika kumi, kwa sababu uso uliokaa wazi siku kumi na tano umeshakamata vumbi la chumvi na mafuta ya mikono. Umefagiliwa, ukafutwa kwa asitoni na kitambaa cheupe, kitambaa kipya kila mpanguso. Kitambaa kimoja kikirudiwa kinahamisha uchafu tu. Tangu hapo hakuna anayegusa kwa mkono mtupu.

Ndani, kipande cha fomaika kilichopakwa nta mara tatu kimebanwa kwa vijiti dhidi ya tundu. Ndicho kalibu.

Majaribio ya kuganda: gramu 100 za resini na gramu 1 ya hadna (dawa ya kuigandisha), yaani asilimia 1. Imeganda dakika ya 17. Inatosha kwa kikombe kidogo. Kwa joto hili usizidishe, na usipunguze chini ya asilimia 1 kwa nia ya kununua muda. Hadna ikipungua resini haiivi kabisa, inabaki laini ndani hata baada ya mwezi. Ukitaka muda, changanya kidogo kidogo: vikombe vya gramu 500 na hadna gramu 5, ambayo ni kama mililita 4.5 kwenye bomba la sindano. Kofia ya chupa si kipimo. Koroga dakika moja kamili, ukikwangua pande na chini, la sivyo kutakuwa na madoa laini na madoa yaliyoungua katika kiraka kimoja.

Hadna ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Ndoo ya maji safi iko pembeni kabla chupa haijafunguliwa. Osha palepale dakika 15 mfululizo, kisha hospitali. Resini hii imeshatiwa kobalti, kichocheo cha kuganda, kiwandani. Anayenunua kobalti peke yake asiikutanishe kamwe na hadna bila resini katikati, kwa sababu hulipuka.

Matabaka tumeyakata yote kabla, yakaandikwa namba: 63 kwa 39, 60 kwa 36, 57 kwa 33, 55 kwa 31, 52 kwa 28, 49 kwa 25, 46 kwa 22. Upande wa omo kila kipande kimeongezwa kufuata hanamu ilivyosogea. Kubwa linatangulia. Wapo wanaotanguliza dogo, na mabishano haya hayaishi, lakini kubwa likitangulia tabaka linalogusa faiba ya zamani linakuwa moja lisilokatika kuzunguka hanamu yote, na grenda ya mwisho haimalizi nguvu ya kiraka.

Resini kwanza hanamuni kwa brashi. Mati ya kwanza juu yake, resini igongwe kwa ncha ya brashi, isipakwe kwa kuvuta, maana kuvuta kunazing'oa nyuzi. Mati ikilowa inapoteza weupe na kuwa kama karatasi yenye mafuta. Kisha rola ya bati yenye mifereji, kutoka katikati kwenda nje, polepole. Unasikia mapovu yakipasuka kwa mlio mdogo wa kukaanga. Rovingi ya kwanza, mati ya pili, rovingi ya pili, tukasimama. Hayo ni milimita 3.6. Ukiweka yote saba kwa mkupuo katika joto la pwani, moto wa resini yenyewe unapanda, kiraka kinageuka hudhurungi, kinapasuka ndani na kujikunja.

Resini iliyobaki kikombeni imemwagwa mchangani ikatandazwa. Nusu kikombe kilichoachwa kimejaa huchemka, hutoa moshi na kinaweza kuwasha moto.

Siku ya 20

Kwa kuwa resini haina nta na haijapita siku moja, tabaka la jana bado linanata kidogo na linashikana na jipya kikemia. Tumekwangua ncha zilizosimama tu. Mati, rovingi, mati. Lazima awamu hii ianze na mati, kwa sababu rovingi juu ya rovingi haishiki vizuri.

Saa 8 mchana, kugonga kiraka chote. Pembe ya chini upande wa tezi kuna mlio mzito, ukubwa wa sarafu. Rovingi ya tatu ilikataa kupinda kwenye mkunjo ule ikainuka rola ilipoondoka. Dawa yake ilikuwa kukata rovingi mkato mmoja kabla ya kulowesha. Pamechimbwa kwa grenda hadi pazima, pakawekewa hanamu ndogo na matabaka matatu.

Siku ya 22

Boti imesimamishwa wima. Fomaika imetoka safi. Ndani pamesuguliwa sentimita 12 kuzunguka kiraka, pakafutwa asitoni, na kuwekwa mati, rovingi, mati, kila moja ikizidi iliyotangulia kwa sentimita 3.

Mhimili: kofia ya faiba ya juu imekatwa kwa urefu wa sentimita 80, mbao iliyooza imechokolewa kwa patasi. Badala yake limewekwa povu gumu la polyurethane lililochongwa, si mbao. Kiini hapa ni kalibu tu, nguvu ni ya faiba inayokizunguka. Anayelazimika kutumia mbao asitumie msaji, kwa sababu mafuta yake yanakataa resini. Povu limekalia ukanda laini wa milimita 8, lisigusane na tumbo la boti kwa ukali. Mhimili ukikandamiza faiba kwa mstari mmoja mgumu, wimbi linalipasua tumbo kwenye mstari huohuo.

Kona kati ya mhimili na tumbo imejazwa uji wa resini, nyuzi fupi na unga wa silika, ukaviringishwa kwa mgongo wa kijiko, maana nyuzi hazipendi kona ya mraba. Kisha mati na rovingi kupanda juu ya mhimili, zikitandaza miguu yake tumboni sentimita 5, halafu 7.5, halafu 10.

Siku ya 24

Kusawazisha nje. Ubao mrefu wenye msasa namba 80, kwa mshazari, pande mbili. Mabonde yamejazwa uji wa resini na silika, si puti ya magari. Ufito umelazwa tena: mwanga unapita chini yake mahali pamoja tu, chini ya nusu milimita. Pameachwa milimita 0.6 kwa ajili ya jelkoti.

Siku ya 25

Jelkoti, na kosa letu. Mkono wa kwanza umepakwa kwa brashi mwembamba mno, na haukupimwa kwa kitana cha kupimia unene. Baada ya saa moja mkono wa pili ukafuata. Dakika ishirini baadaye uso mzima ulijikunja mikunjo mikunjo kama ngozi ya mamba. Sababu inajulikana: jelkoti iliyo chini ya milimita 0.3 haipati joto la kutosha kuiva, na staireni ya mkono wa pili inaingia chini yake, inaivimbisha na kuikunja. Hakuna cha kuokoa hapo. Yote imekwanguliwa na kusuguliwa msasa namba 80 hadi faiba.

Siku ya 26

Imerudiwa. Hadna asilimia 1.5, unene wa milimita 0.5 umepimwa mahali sita, ikiwa bado mbichi. Kisha mkono wa pili mwembamba uliotiwa maji ya nta asilimia 4. Nta inaelea juu inapoganda na kuzuia hewa. Bila hiyo jelkoti hubaki inanata, kwa kuwa hewa huizuia kuiva. Nta iende kwenye mkono wa mwisho tu. Ikiwa kwenye wa kwanza, wa pili hautashika.

Rangi: nyeupe ya kiwandani haifanani na nyeupe iliyokaa juani miaka. Pamesuguliwa mahali padogo kwenye boti hadi rangi halisi, na majaribio manne ya tone la manjano na tone la kahawia yakaachwa yagande kwanza kabla ya kulinganishwa. Jelkoti mbichi inadanganya.

Siku ya 28

Kucha la gumba halitoboi. Kitambaa cha asitoni kimepita bila kunata. Msasa wa maji 220, 400, 600, 1000, halafu dawa ya kung'arisha. Skrubu zote za sakafu zimetolewa, matundu yake yakapanuliwa, yakajazwa uji wa resini, yakatobolewa upya, na kila skrubu imerudi na silanti. Kwa siku mbili zilizobaki turubai nyeusi imefunika kiraka mchana, ili joto la jua liendelee kukiivisha.

Siku ya 30

Imeshuka saa 10 jioni juu ya magogo yaleyale. Kabla ya kuwekewa mashine imefungwa nanga maji ya kifuani, ngama ikiwa imepanguswa na kunyunyiziwa unga wa chaki pande zote za kiraka na chini ya mhimili. Tone lolote lingeacha njia ya kijivu kwenye chaki. Saa 4 usiku chaki ilikuwa nyeupe. Alfajiri nyeupe.

Mashine imefungwa, dakika ishirini mwendo wa polepole, kumi mwendo kasi ndani ya miamba. Kiraka kimegongwa kutoka ndani boti ikiwa inaelea: mlio ni mkali na mfupi, hadi ukingoni. Itapandishwa tena bamvua la mwezi mwandamo wa mwezi wa tatu, igongwe nje na itobolewe tundu moja la milimita 6 kwenye mhimili wa kushoto, ambao una skrubu zilezile na bado haujafunguliwa.